Pampu ya Bluu Peke Yake Haitoshi

Mgonjwa wa pumu anafikishwa hospitali usiku wa manane akiwa amebanwa. Anawekewa mashine ya mvuke, anachomwa sindano, kifua kinafunguka, na kunapokucha anaruhusiwa kurudi nyumbani na pampu ya bluu mfukoni. Baada ya mwezi yuko tena pale pale. Hakuna aliyemuuliza analalia godoro la namna gani, anafanya kazi gani, nyumbani kwake wanapikia nini, wala anameza dawa gani kwa maradhi mengine. Huu ndio mtindo wa kutibu pumu tuliouzoea Afrika Mashariki, na kwa maoni yetu umekwisha muda wake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na 455,000 walikufa kwa ajili yake. Vifo vingi vilitokea katika nchi zenye kipato cha chini na zile zinazozifuatia, yaani nchi kama zetu. Nchi tajiri nazo zina wagonjwa tele. Wanachopata wao, na wetu wanakikosa, ni dawa ya kinga ya kila siku na mtu wa kukaa nao akawaeleza pumu yao ni ya aina gani na inachokozwa na nini.

Maana pumu zina aina. Linalofanana kwa wagonjwa wote ni yale yanayotokea kifuani. Njia za hewa zimevimba kwa ndani, hata siku ambazo mgonjwa anajiona mzima. Zikikutana na kitu kinachozikera, misuli inayozizunguka inakaza, makohozi mazito yanaziba kanafasi kalikobaki, na pumzi inatoka kwa filimbi. Kitu hicho kinachokera ndicho kichochezi, na hapo ndipo wagonjwa wanapoachana njia. Kinachombana jirani yako huenda wewe kisikufanye lolote.

Inayojulikana zaidi ni pumu ya mzio, au aleji kama wengi wanavyosema. Mara nyingi huanza utotoni. Ukimuuliza mama vizuri, atakwambia mtoto alianza na ukurutu wa ngozi, yakaja mafua yasiyokwisha na macho kuwasha, kisha ndiyo kifua. Wachokozi wakubwa wamo ndani ya nyumba: vijidudu vya vumbi visivyoonekana kwa macho, ambavyo hukaa kwenye magodoro, mito na makochi ya kitambaa; mende, hasa kinyesi chao na magamba wanayoacha; mba wa paka; fangasi kwenye ukuta unaovuja. Vijidudu hivyo hupenda unyevu, kwa hiyo watu wa Tanga, Mombasa na Unguja wanayo sababu ya kuliangalia godoro lao kuliko watu wa nyanda kavu. Kufua mashuka kila wiki kwa maji ya moto na kuziba nyufa za jikoni zinazofuga mende si kazi ya gharama. Na anayefagia chumba cha mwenye pumu, anyunyize maji kwanza au adeki kwa kitambaa kibichi, mgonjwa mwenyewe akiwa nje.

Ipo pumu nyingine ambayo haina uhusiano na mzio. Hiyo mara nyingi huja ukubwani, na huwapata wanawake zaidi. Huchokozwa na mafua ya virusi, hewa ya baridi, harufu kali, na zaidi ya vyote, moshi. Hapa tunaomba kukaa kidogo, kwa sababu moshi humbana kila mwenye pumu, awe wa mzio au asiwe.

Tunaishi ndani ya moshi. Kuni na mkaa jikoni, koroboi chumbani pale umeme usipofika, takataka za plastiki zinazochomwa uani kila jioni, moshi wa malori barabarani, sigara ya baba sebuleni. Kisha tunafunga madirisha, tunawasha dawa ya mbu ya kuchoma, na tunamlaza mtoto mwenye kifua katikati yake. Chandarua kinamkinga mtoto huyo na malaria vizuri kuliko ile dawa, na hakitoi moshi. Upande wa pwani tuna la kuongeza, ingawa tunajua tunagusa pabaya: udi na ubani. Hatusemi mila iachwe. Tunasema chetezo kisifukizwe chumba alimo mwenye pumu, na nguo zake zisifukizwe. Bibi harusi mwenye pumu ana haki ya kuolewa bila kubanwa.

Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Kwenye majukwaa mkakati huo huzungumzwa zaidi kama jambo la misitu. Tunaunga mkono kuokoa misitu, lakini tungependa kuona kliniki za kifua nazo zinaingizwa. Kama kuna mitungi ya gesi ya ruzuku, kaya yenye mgonjwa wa pumu iwe mstari wa mbele, na daktari aweze kuiandikia barua.

Mazoezi nayo hubana. Mtoto anakimbia dakika tano au kumi, anasimama, na baada ya kusimama ndipo kikohozi kinaanza na kifua kinalia. Mwalimu anamwona mvivu. Watafiti waliowapima watoto wa shule Nairobi na Murang'a, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1998, waliona njia za hewa zikibana baada ya kukimbia kwa karibu asilimia 23 ya watoto wa mjini na asilimia 13 ya wale wa kijijini. Si wote hao waliokuwa wakijulikana kama wagonjwa. Nao wazazi wengi, wakishaambiwa, humwondoa mtoto kwenye michezo kabisa, jambo ambalo ni kosa. Paula Radcliffe wa Uingereza amekuwa na pumu ya mazoezi tangu akiwa msichana, na mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2:15:25. Rekodi hiyo ilidumu miaka 16 hadi Mkenya Brigid Kosgei alipoivunja Chicago mwaka 2019. Mtoto apashe mwili moto taratibu, avute dawa kabla ya mchezo kama daktari alivyomwelekeza, kisha acheze.

Inayosahaulika kuliko zote ni pumu ya kazini. Unga wa ngano ni mchokozi mkubwa: mwoka mikate na mfanyakazi wa mashine ya kusaga huuvuta kila siku, na baada ya miezi au miaka mwili unaukataa. Tangu mwaka 1700 tabibu wa Kiitalia Bernardino Ramazzini alikwisha kuandika kuhusu vifua vya waoka mikate na wasaga nafaka. Fundi wa gari anayepuliza rangi bila barakoa ya maana yumo hatarini, kwa sababu rangi nyingi za kupuliza zina kemikali zinazoongoza duniani kwa kuleta pumu ya kazini. Msusi wa saluni anayechanganya dawa ya kung'arisha nywele yumo. Seremala na vumbi la mbao yumo. Mfanyakazi wa kahawa naye yumo: watafiti walioingia kwenye viwanda vya kukoboa kahawa mkoani Kilimanjaro, na utafiti wao kuchapishwa mwaka 2011, waliwakuta wafanyakazi wakivuta vumbi jingi na wakilalamika vifua.

Dalili yake ni rahisi kuigundua mtu akiulizwa. Kifua kinabana siku za kazi, kinapata nafuu Jumapili, kinapona kabisa akienda likizo kijijini, kisha kinarudi Jumatatu. Aina hii isipokamatwa mapema hukaa hata baada ya mtu kuacha kazi. Shirika la Kazi Duniani limeiweka pumu kwenye orodha yake ya magonjwa ya kazi iliyorekebishwa mwaka 2010, na Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Lakini fidia haidaiwi bila uchunguzi, na uchunguzi hauanzi bila daktari kuuliza, "Unafanya kazi gani?" Hilo ni swali la sekunde tatu.

Kuna pia pumu inayochokozwa na dawa, na hapa tunataka wauza dawa watusikilize. Baadhi ya wenye pumu, hasa watu wazima wenye mafua sugu na vinyama puani, wakimeza aspirini, ibuprofeni au diklofenaki hubanwa vibaya ndani ya saa chache. Hizo ndizo dawa za maumivu tunazonunua dukani kama pipi. Kwa wengi wao paracetamol ya kiasi cha kawaida haina shida. Hatari nyingine ni dawa za presha na moyo za kundi la propranolol na atenolol, ambazo huzifunga njia za hewa. Hata matone ya macho ya timolol, wanayopewa wenye presha ya macho, yana uwezo huo. Mzee anatiwa matone machoni asubuhi, mchana anabanwa kifua, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili. Mwenye pumu aseme ana pumu kila anaponunua au kuandikiwa dawa, hata kama ameenda kwa ajili ya mgongo.

Mengine tunayapitia haraka. Ipo pumu ya kikohozi kitupu, isiyo na filimbi, ambayo huamka usiku na kulishwa antibayotiki na dawa za maji za kikohozi kwa miezi. Unene uliopitiliza na kiungulia huifanya pumu iwe ngumu kutulia. Na watoto wengi wa chini ya miaka mitano ambao vifua vyao hulia wakipata mafua hawatakuwa na pumu wakikua, kwa hiyo mzazi asikimbilie kumbandika mtoto jina la ugonjwa. Wala si kila kifua kinachobana ni pumu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinataka kipimo cha kifua kikuu. Bibi aliyepikia kuni miaka hamsini huenda mapafu yake yamechakaa kwa moshi, na huo ni ugonjwa mwingine. Na mzee anayeamka usiku akihema huku miguu imevimba, moyo ndio uangaliwe kwanza.

Sasa turudi kwenye pampu. Ya bluu ina salbutamol. Inalegeza misuli iliyokaza, inafungua kifua kwa dakika chache, na nguvu yake huisha baada ya saa nne hadi sita. Uvimbe wa ndani haiugusi. Inayoutibu uvimbe ni dawa ya kuvuta ya kundi la steroidi, kama beclometasone au budesonide, ambayo kwa watengenezaji wengi huja katika pampu ya kahawia, ingawa rangi hutofautiana na ni vizuri kusoma jina. Hii haimpi mgonjwa nafuu ya papo hapo, ndiyo maana wengi huiacha wakidhani haifanyi kazi. Kutumia ya bluu peke yake ni kudeki maji sakafuni huku paa likivuja.

Haya si maoni ya gazeti. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, GINA, liliacha kupendekeza salbutamol peke yake kwa watu wazima na vijana, kwa sababu ushahidi ulionyesha kuwa wanaoitegemea hupata mashambulio mabaya zaidi. Mgonjwa anayemaliza makopo matatu au zaidi ya dozi 200 kwa mwaka yuko kwenye hatari ya shambulio kali. Anayemaliza 12, yaani moja kila mwezi, hatari yake ya kufa inapanda. Angalia mtaani kwako ni wangapi wanaonunua pampu ya bluu kila mwezi, na muuza dawa anawauzia bila kuinua uso.

Hapo ndipo lawama yetu kwa wizara za afya inapolala. Ya bluu inapatikana karibu kila duka la dawa. Ya kahawia, katika zahanati nyingi za vijijini, haipo. Shirika la Afya Duniani limekwisha kuziweka dawa za kuvuta za steroidi kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kuziona kama anasa za hospitali za rufaa. Badala yake mgonjwa wa kijijini anapewa vidonge vya salbutamol, ambavyo huchelewa kufanya kazi, hufanya mikono itetemeke na moyo uende mbio, na havizuii lolote.

Lawama nyingine ni yetu wenyewe, jamii. Tumeeneza kwamba pampu ni hatua ya mwisho, kwamba ukianza huwezi kuacha, kwamba inaua moyo. Wapo wanaoificha wakati wa uchumba. Dawa inayovutwa huenda moja kwa moja kwenye mapafu kwa kiasi kidogo kuliko kidonge, ndiyo faida yake. Ya steroidi ikishavutwa, mtu asukutue mdomo na kutema maji, basi. Waliotuletea mayai ya kware kama dawa ya pumu hatujui wako wapi leo. Wagonjwa bado wapo.

Na kuvuta kwenyewe kuna namna. Wengi hupuliza dawa mdomoni ikaishia kooni. Itikise pampu, toa pumzi, bonyeza huku ukivuta taratibu, kisha zuia pumzi kwa sekunde kama kumi. Mtoto hawezi hayo. Anahitaji chombo cha kati cha kuvutia. Kikikosekana dukani, kinatengenezwa. Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha katika jarida la Lancet mwaka 1999 kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa chini tundu la kutosha mdomo wa pampu na kuzibwa pembeni vizuri, ilifanya kazi sawa na kile cha dukani kwa watoto waliokuwa wamebanwa. Chupa hizo tunazikanyaga barabarani kila siku. Hakuna zahanati yenye sababu ya kukosa chombo hicho.

Wapo watakaosema vichochezi ni shauri la mtu binafsi, kila mmoja ajiepushe na vyake. Barcelona iliwajibu zamani. Kati ya mwaka 1981 na 1987 mji huo ulipigwa na milipuko 26 ya pumu. Siku fulani tu, bila onyo, hospitali zilijaa watu wanaokata roho kwa kubanwa. Madaktari walifuatilia kwa subira hadi wakagundua kuwa siku hizo ndizo meli za maharage ya soya zilipokuwa zikipakuliwa bandarini, na ghala moja la nafaka halikuwa na vichujio vya vumbi. Vichujio vikafungwa, milipuko ikakoma. Wagonjwa wale wasingeweza kujiepusha na hewa ya mji wao. Vivyo hivyo mtoto wa jirani yako hawezi kujiepusha na plastiki unazochoma uani, wala mfanyakazi hawezi kujiepusha na unga wa tajiri yake.

Basi tunataka mambo machache na tunayataka mwaka huu. Wizara za afya zifikishe dawa ya kuvuta ya steroidi kwenye kila kituo cha afya na zahanati, na bima za afya ziilipie kama zinavyolipia dawa ya presha. Kila mgonjwa anayeruhusiwa baada ya kubanwa aondoke na karatasi yenye vichochezi vyake, dawa zake, na la kufanya akibanwa tena. Shule ziache kufungia pampu za watoto kwenye kabati la mwalimu mkuu. Halmashauri zisimamie sheria dhidi ya uchomaji taka mitaani. Wakaguzi wa usalama kazini waingie kwenye viwanda vya unga na gereji za rangi, wasiishie kwenye maofisi yenye viyoyozi.

Na kwako msomaji mwenye pumu, au mwenye mtoto wa pumu: kwa wiki chache andika kila siku ulipobanwa, saa ngapi, ulikuwa wapi, na nini kilitangulia. Mpelekee daktari karatasi hiyo na umuulize kuhusu dawa ya kinga. Mtu akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zikiingia ndani, au midomo na kucha zikibadilika rangi, mkalishe wima, mpe salbutamol kupitia chombo cha kuvutia, puliza moja moja kuanzia nne hadi kumi, rudia kila dakika ishirini, na muwe tayari njiani kuelekea hospitali. Kifua kilichokuwa kikilia kikinyamaza ghafla huku mtu bado anahema, hali imekuwa mbaya zaidi, msingoje kukuche.